Nimekaa na Berkane katikati ya Makolo wa Simba pale Amaan, naipa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nlokata si ya uwanja, ni ya kijana mmoja nlokaa nae safu moja, ntafika huko. Nazungumzia kuangalia mechi New Amaan Complex hapa Zanzibar ukiwa upande wa timu ngeni. Wanaousifia Amaan ni wengi toka ulipofunguliwa upya Disemba 2023, taa kali, viti vizuri, picha za usiku kila mtu anazo, lakini wote wanaandika kama wenyeji, hamna anaekwambia inakuaje pale unapokuwa wewe ndo unaomba dua timu ya mji wa watu ishinde na jirani yako wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma wote wamevaa nyekundu.

Mechi yenyewe mnaijua, 25 Mei 2025, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba na RS Berkane ya Moroko. Ilikuwa ichezwe kwa Mkapa ikaletwa kwetu kwa sababu ya hali ya nyasi kule Dar, na nusu fainali na Stellenbosch ilishachezwa hapahapa Aprili, Simba akashinda moja bila. Kule Moroko walishapigwa mbili bila. Mie ni Mwananchi, Yanga damu, na fainali kama hii hii mwaka 2023 tulimfunga USM Alger kwao moja bila na kombe tukalikosa kwa goli la ugenini, Makolo walitucheka mpaka Ramadhani ya pili ikaingia. Kwa hiyo msiniulize Berkane nimewajulia wapi.

Nkaenda sokoni Darajani nkatafuta fulana ya rangi ya chungwa maana ndo rangi yao, haina nembo wala nini, fulana tu. Baadae nkaja kuambiwa mji wao wenyewe unasifika kwa machungwa, nkaona basi nimevaa kamili. Tiketi alikata shemeji yangu, kaka wa mke wangu, Simba wa kufa mtu, kakata mbili jukwaa tunaloliita Urusi viti vya pamoja, na alivonifungulia mlango wa gari akaniona na ile fulana alinyamaza mpaka tumefika Michenzani ndo akasema, "Shemeji, mie skujui leo."

Sasa jambo la kwanza la kujua kama unataka kwenda Amaan kuwa mgeni. Kwa Mkapa wanaingia watu 60,000, ukivaa rangi yako unapotea tu humo, hata matusi yakitoka hujui yanamwendea nani. Amaan ni 15,000. Hakuna kujificha. Watu wanakaa karibu, wengine mnajuana sura, yule mnaswali nae, yule anakuuzia samaki, yule mwalimu wa mwanao, na wote wanakuona. Ukiinuka umeinuka peke yako. Kwa mie hichi ndo kinachofanya Amaan kuwa kutamu zaidi kuliko kule, na ndo hichihichi kitachomshinda mtu mwenye roho nyepesi, kama hupendi kutaniwa kaa nyumbani na tivii yako.

Kutoka geti mpaka kwenye kiti nlishapewa majina. "We chungwa, utamenywa leo!" Mwengine, "Utopolo umekodi timu?" Utopolo ndo jina wanalotutania sisi Yanga. Mzee mmoja wa kofia, mtu mzima kabisa, ananiuliza kwa upole kabisa, "Baba, Kiarabu cha Moroko unakijua au unawashangilia kwa ishara?" Hapo watu wote wanageuka kucheka na wewe huna jibu, na dawa yake nawapa bure, cheka nao. Mie nlikuwa namjibu kila mtu neno moja tu, "mbili", na vidole viwili juu. Mzee akasema haya, mbili hizo zinalipwa leo.

Viti vina namba na tiketi ina namba lakini nlikuta jamaa keshakaa kwenye changu, kamwambia shemeji kiti ni popote. Tukaminyana tukakaa, basi. Nendeni mapema. Mechi ilikuwa saa kumi jioni na Alasiri inaingia kabla ya hapo, kwa hiyo mipango ni swali kwanza msikiti wa karibu ndo uingie, ukisema utatoka na urudi safu yako hutoiona tena. Na kuleni kabisa nje, urojo, mishkaki, mihogo, vyote vipo kwa wakati ule, maana mie nlidharau nkajikuta ndani nanunua maji kwa bei mara mbili ya dukani kwa kijana anaepita na ndoo, na njugu zilizopoa.

Kina mama walikuwa wengi kuliko nlivotarajia, buibui na skafu nyekundu juu yake, na watoto wamepakwa rangi usoni. Kama unaogopa kwenda na familia kwa sababu ni wageni, mie nasema nenda, mchana kama ule askari wapo na watu wenyewe wanajiheshimu.

Tuje kwenye mechi. Dakika ya 17 Mutale akafunga. Wallahi skuwahi kusikia kelele kama zile pale Amaan, jukwaa lilitikisika, na katika kelele zote hizo watu walokuwa karibu na mie hawakuwa wanaangalia uwanjani wananiangalia mie! Wananirukia mbele ya uso, mwengine kanikumbatia kanibusu kichwani, na mama mmoja safu ya nyuma akavua skafu yake akanivisha shingoni kwa nguvu, ananambia, "Mwanangu rudi, mlango wa toba uko wazi." Nkaiacha. Nlikaa nayo mpaka mapumziko, na nilipomrejeshea akakataa, akasema kaa nayo utaihitaji. Huu ndo ukarimu wa Amaan kwa mgeni na ndo nyota ya kwanza hiyo.

Kipindi cha pili kuanza tu Kagoma akala kadi nyekundu na hali ya jukwaa ikabadilika, utani ukapungua, watu wakaanza kuuma kucha. Hapo mgeni punguza mdomo. Kuna wakati wa kusema "mbili" na kuna wakati wa kukaa ukaangalia mpira kama hujui Kiswahili, na mie nlikaa. Maana Simba pungufu walikuwa wanacheza, tuwe wakweli, mtu alokuja bila ushabiki angesema ndo wenye njaa zaidi. Kocha wao Fadlu alikuwa haketi. Na Mukwala akafunga! La pili! Ukiongeza na kule yamekuwa mbili kwa mbili, na mie nkainamisha kichwa nkajua leo nalala kwa mama. Watu wanalia machozi. Shemeji kapanda juu ya kiti anaomba Mungu kwa sauti.

Halafu VAR, marefa wa video.

Ile kusubiri naiandika peke yake maana ndo thamani ya tiketi yote. Watu 15,000 wanaangalia mtu mmoja kaweka kidole sikioni. Unasikia mtoto analia jukwaa jengine. Yule mzee wa kofia anavuta uradi. Mie moyo unapiga lakini uso sitaki uonekane una matumaini, na shemeji bila kunitazama kanishika mkono, kanikaza haswa, sijui alinifikiria nani. Refa akachora kile kiboksi, akanyanyua mkono, ofsaidi, goli hakuna. Skushangilia. Nawaambia kwa nia njema kabisa, VAR ikikupa mgeni usishangilie, meza mate, angalia viatu vyako, furahia moyoni. Kuna jamaa kule kwa mbali, nadhani na yeye Mwananchi, alipiga ukelele mmoja tu na nliona watu walivomgeukia, akakaa chini kama hajawahi kusimama maishani.

Dakika za nyongeza Soumaila Sidibe wa Berkane akasawazisha. Moja moja, jumla tatu kwa moja, kombe la Berkane. Hapo yakhe skujizuia, nliruka, fulana yangu ya chungwa na skafu ya nyekundu shingoni, naruka nayo. Ndo kijana mmoja wa safu yetu akanivurumishia chupa ya maji ikanipata begani. Hii ndo nyota nlokata. Haikuniumiza, lakini mwanangu alikuwa anasema anataka kuja mechi ijayo na mie, ingempata yeye usoni je? Ila na hili niliseme, walomgombeza yule kijana hawakuwa askari, ni haohao Makolo wenyewe, yule mama wa skafu ndo wa kwanza, alimwambia maneno hayaandikiki, akamwambia mgeni wetu huyu! Mgeni wetu. Na mie nimezaliwa Mwembeladu, hapahapa mjini.

Hapo nkabaki nafikiri sana maana suala la nani mgeni pale Amaan halijawahi kunikaa sawa. Januari 2024 nlikuwepo fainali ya Kombe la Mapinduzi, Mlandege na Simba. Mlandege ni timu ya mjini hapahapa, Simba ndo alovuka bahari. Lakini jukwaani? Nyekundu kila pahala! Wale wa Mlandege walikuwa kikundi kimebanwa pembeni, na ngoma yao, wanatukanwa kwenye mji wao na Wazanzibari wenzao. Akandwanaho akafunga, moja bila, Mlandege bingwa mara ya pili mfululizo, na wale wachache wakatoka wanaimba katikati ya watu wa mtaa wao walonuna. Kama kuna mtu anastahili kuandika habari ya kuwa shabiki wa timu ngeni Amaan basi ni shabiki wa Mlandege, si mie na fulana yangu ya Darajani. Sisi visiwani tumegawana Simba na Yanga toka tumboni, timu zetu wenyewe tunaziangalia kwa huruma, na mie nimo, siwezi kukataa, siku hiyo ya Mlandege nlishangilia kwa sababu Simba kafungwa.

Na CHAN ya Agosti 2025, ile ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ndo ikanimaliza kabisa. Kundi la pale Amaan lilikuwa lote wageni, Senegal, Kongo, Sudan, Nigeria, hamna mwenyeji hata mmoja. Watu wa pale nlipokaa wakamchagua Sudan, nadhani kwa sababu ya vita vya kwao, basi siku walompiga Nigeria nne bila ungesema wamezaliwa hapa Jang'ombe. Nlikaa karibu na Wanaijeria wawili. Goli la tatu lilipoingia watu wakawapelekea kashata. Wakala, wakacheka, goli la nne mmoja akauliza kama kuna nyengine. Hao ndo wanajua kuwa wageni.

Turudi siku ile ya Berkane, kutoka. Kutoka ni rahisi kuliko kuingia ila daladala sahau, zimejaa na watu wa Dar wanaokimbilia bandarini, bodaboda wa pale nje alinitajia bei ya kwenda Bububu kule mbali na kurudi, kwa safari fupi ya Magomeni, nkamwambia ahsante. Tukatembea kwa miguu mpaka Michenzani, Magharibi inaadhiniwa, na njiani bado wananiita, "Chungwa! Chungwa hongera!" hata walonuna wanatoa mkono. Tulipita kikundi cha vijana wa Dar wamekaa ukingoni mwa barabara na mabendera yao wamechoka, mmoja akaniangalia fulana akasema, "Oya, na nyie Wazenji mna roho mbaya," nkamwambia karibuni tena.

Shemeji hakusema neno mpaka nyumbani. Mke wangu kafungua mlango, kamuona kaka yake, kaniona mie na skafu ya Simba, akauliza nani kashinda. Dau letu lilikuwa chakula cha Forodhani na alilipa wiki ile ile, pweza na mishkaki na juisi ya miwa, lakini kasema wazi, mechi nyengine ya Simba na timu ya nje pale Amaan hakai na mie ng'o, tiketi nijitafutie na mtu wa kukaa nae nijitafutie. Kwa hiyo kama kuna Mwananchi anataka kiti cha pili Urusi na ana roho ya kuitwa tunda aniambie mapema, fulana ntamnunulia mie, rangi itategemea na mgeni.