Linux ipi kwa kompyuta ya nyumbani? Chaguo zangu kwa mpangilio

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zikabaki njia panda. Windows 11 inazikataa, ama kwa kukosa chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ama kwa sababu prosesa ni ya kizazi cha nyuma. Mashine inawaka vizuri, kioo hakina mkwaruzo, lakini haitakiwi tena. Tangu hapo nimekuwa nikiulizwa swali moja: nikitaka Linux, nichukue ipi?

Jibu fupi: Linux Mint. Mwenye haraka aishie hapo, akapakue. Wengine tuendelee, maana kuna mashine ambazo Mint haizifai, na kuna watu ambao hawapaswi kuhama kabisa.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Linux yenyewe ni kiini tu, yaani sehemu inayounganisha programu na vifaa vya kompyuta, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Unachopakua ni kiini hicho pamoja na madirisha, menyu na programu zake, vyote vikiwa vimefungashwa na kikundi fulani. Mzigo huo mzima ndio tunaouita distro. Kila kikundi kina namna yake ya kufungasha, ndiyo maana ziko mamia.

Nimezipanga kwa kuangalia mambo matatu: kama wifi, sauti na printa vinakubali bila kubembelezwa, masasisho yatakuja kwa miaka mingapi, na kama mtu asiye fundi akikwama usiku anaweza kujikwamua mwenyewe. Sura sikuipa alama. Sura unaibadilisha kwa dakika mbili.

1. Linux Mint

Ilianza mwaka 2006 na inajengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo inarithi utambuzi mpana wa vifaa. Toleo la 22 litasasishwa hadi 2029. Menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, na dirisha linafungwa pale pale ulipozoea. Nilipomwekea mama yangu, aliketi, akabofya kona ya kushoto, akafungua Firefox na kuendelea na mambo yake. Siku ya tatu ndipo aliponiuliza mbona picha ya nyuma nimeibadilisha. Hakujua kwamba nilichobadilisha ni mfumo mzima.

Kinachoiweka juu zaidi ni programu inayokuja nayo, Timeshift. Hii huhifadhi hali ya mfumo kwa tarehe unazopanga, ili sasisho likivuruga mambo leo, uirudishe mashine ilivyokuwa jana. Iwashe siku ile ile ya kwanza. Ila usiigeuze kuwa bekapu ya picha na nyaraka zako, kwa sababu kwa kawaida haizigusi. Hizo zitafutie diski nyingine.

Mint ina sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Ukiwa na RAM ya GB 8, chukua Cinnamon. Ukiwa na GB 4, chukua Xfce, usijitese. Wenyewe wameandika kwamba GB 2 zinatosha, na kweli itawaka, lakini fungua kivinjari chenye vichupo vitano uone itakavyohema.

2. Ubuntu LTS

Jina lenyewe ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Ilianza 2004, iko chini ya kampuni ya Canonical, na matoleo yake ya LTS, yaani yanayotunzwa kwa muda mrefu, hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, yakiwa na miaka 5 ya masasisho. Faida yake kubwa ni wingi wa watu: shida yoyote utakayoipata, kuna mtu aliwahi kuipata na jibu likaandikwa.

Mbona basi ni ya pili? Mpangilio wake wa skrini ni mgeni kwa aliyetoka Windows, na programu zake nyingi, Firefox ikiwemo, huja kwa mfumo wa vifurushi uitwao snap. Kwenye mashine yenye nguvu hutaona tofauti. Kwenye laptop ya zamani utabofya, utasubiri, utabofya tena ukidhani haikusikia, kisha yatafunguka madirisha mawili.

3. Zorin OS

Hii ni ya anayeogopa mabadiliko. Imefanana na Windows kwa makusudi, na ukibofya faili la programu ya Windows hujaribu kukuelekeza kwenye programu mbadala. Toleo la 18 lilitoka siku ile ile Windows 10 ilipoagwa, waliipangia vizuri. Kuna Core, ambayo ni bure, na Pro, ambayo inalipiwa. Pro inaongeza mipangilio ya sura na programu ambazo nyingi ungeweza kuzipakua mwenyewe bure. Ukiilipia, ilipie kwa nia ya kuwaunga mkono.

4. Fedora na 5. Debian

Fedora ni nzuri sana kwa kompyuta mpya, kwani kiini chake huwa cha karibuni na vifaa vipya hutambulika mapema. Lakini toleo jipya hutoka takriban kila miezi sita, na kila toleo hutunzwa kwa kama miezi 13 tu, kwa hiyo kazi ya kupandisha toleo haiishi. Debian ni kinyume chake. Ipo tangu 1993, haina papara, na ikishakaa imekaa, lakini inakutaka ujue unachokifanya. Ningempa Debian mtu aliyekwisha kaa na Mint mwaka mzima.

Mashine za kizee kabisa, zenye prosesa ya biti 32, milango mingi imezifungia. Hata Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Jaribu antiX. Itawaka na utaandika barua, lakini kurasa za intaneti za siku hizi ni nzito, na hilo hakuna distro inayoweza kuliponya.

Na Kali? Vijana wa mtaani wanaipenda kwa sababu ya lile joka la nembo yake. Ni zana ya wanaopima usalama wa mitandao. Usiiweke kwenye kompyuta ya familia.

Pa kutumia pesa, kama unazo

Mfumo ni bure, kwa hiyo pesa ielekee kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Laptop yenye diski ya kuzunguka ukiitoa hiyo na kuweka SSD, tofauti utakayoiona inazidi ya kubadilisha distro yoyote. Baada ya hapo ongeza RAM ifike GB 8. Cha lazima kabisa ni flashi moja ya GB 8.

Asiyepaswa kuhama

Kama riziki yako inapitia Photoshop, ambayo haina toleo la Linux, baki ulipo. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hufungua faili za Word, lakini waraka wenye majedwali na vichwa vya kurasa unaweza kurudi umepinda, na kama bosi wako anakutumia waraka wa aina hiyo kila siku, mtagombana. Michezo mingi ya kompyuta kutoka duka la Steam inakubali siku hizi, ila mchezo wa Valorant haukubali.

Jaribu kabla ya kusakinisha

Hapa ndipo watu huruka hatua. Pakua faili kutoka tovuti ya distro yenyewe, kisha linganisha alama yake ya SHA256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonyesha kama faili limechezewa, na ile waliyoiandika. Si mbwembwe: Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Mint wakawaelekeza watu kwenye faili lililopandikizwa mlango wa nyuma. Iandae flashi kwa programu ya Rufus, washa mashine huku ukigonga F12, F2 au Esc kutegemea mtengenezaji, na mfumo utabuti, yaani utawaka, kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako.

Sasa ipekue. Unganisha wifi. Cheza video usikie sauti. Punguza mwanga wa kioo kwa vitufe vyake. Funga mfuniko, uhesabu hadi kumi, ufungue uone kama inaamka. Chapisha ukurasa mmoja. Washa kamera. Wifi isipoonekana, mara nyingi chipu ni ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya, tumia intaneti yake, kisha acha programu ya madereva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) iitafutie chipu hiyo dereva.

Ukiamua kusakinisha huku ukiiacha Windows ibaki pembeni, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na uandike ufunguo wake wa kufungulia kwenye karatasi. Ukibadilisha mambo ya kubuti inaweza kukudai ufunguo huo.

Halafu chomoa kila diski ya nje. Mimi sikuichomoa. Kisakinishi kilinionyesha diski mbili kwa majina ya Linux, sda na sdb, zote za GB 500, nikachagua ya pili kwa uhakika wa mtu aliyefanya kazi hiyo mara ishirini. Ilikuwa diski ya bekapu. Programu ya kufufua mafaili ilinirudishia picha za watoto, nyingine zikiwa nusu tu, kuanzia juu hadi shingoni.