EnergyPlus kwa sakafu ya maji moto: iko vizuri, ila ukifika kwenye udongo kaa macho

Nyumba ya kuishi Dodoma haina haja ya sakafu ya joto, jua lenyewe linatosha. Ila bruda, yaani banda la kulelea vifaranga, ni habari nyingine. Huku tuko juu kama mita 1,100, ule upepo wa Juni na Julai usiku ukianza Nzuguni ni balaa, na kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 mpaka 35, mkaa nao bei haishikiki. Ndo mteja akataka banda lenye mabomba ya maji ya sola ndani ya zege, na hesabu zake nimezipigia EnergyPlus.

Ni programu ya kompyuta ya kukokotoa joto na nishati ya jengo, ya Wizara ya Nishati ya Marekani, bure kabisa, na ukishaidaunlodi haili bando. Raha yake inakokotoa sakafu, kuta na hewa kwa pamoja saa kwa saa, hubahatishi. Sura sasa, mh! IDF Editor, yaani pale unapojazia taarifa za jengo, ni majedwali matupu, na mwongozo una kurasa zaidi ya 2,000, Kiingereza chote.

Kazi iko kwenye baundari kondisheni, yaani upande wa chini wa sakafu unagusa nini. Ukiandika Ground (udongo) halafu joto la udongo usijaze, inaweka nyuzi 18 mwaka mzima. Wastani wa joto la hewa yetu unacheza kwenye 23 hivi, kwa hiyo zege la nyuzi 33 linapoteza joto kwa tofauti ya 15 badala ya 10, mteja anaishia kununua sola kubwa bure. Na hata hiyo 23 ni ndogo maana udongo chini ya sakafu inayopashwa kila siku nao unapata moto. Ukijaza 27 inakulalamikia eti uko nje ya 15 mpaka 25, usiogope, ni onyo tu, inaendelea kurun. Wapo wanaokwepa yote hayo wanaweka Adiabatic, hapo joto la kwenda chini ni sifuri, majibu matamu lakini ya uongo kwa sakafu ya joto. Mi nakokotoa joto la udongo kwa ile programu ndogo ya Slab inayokuja nayo, naingiza mwezi kwa mwezi, nikiona wastani wa joto la ndani umebadilika narudia.

Kingine, matabaka ya sakafu yanaandikwa kuanzia nje kuja ndani na namba ya tabaka la mabomba inahesabiwa hivyohivyo, ukigeuza mabomba yanaangukia chini ya sterofomu ya kuzuia joto unapasha udongo, wala haikwambii kitu.

Nyota 4 kati ya 5. Kama banda lako linatumia taa au jiko tu usijisumbue nayo, ila kama unamwaga zege juu ya mabomba irun kwanza, maana zege likishakauka bomba huligusi tena.