Bia chachu za Brussels: uzoefu wangu wa siku mbili

Kriek ya kwanza niliyokunywa Ubelgiji nusura inikatishe tamaa. Kriek ni bia iliyolowekewa cheri, na hiyo niliiagiza kwenye baa moja ya watalii karibu na Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels. Nikaletewa glasi ya kitu chekundu, baridi kama barafu, kitamu kama sharubati ya dukani. Nikamwambia shemeji yangu, mwenyeji wangu kule Leuven, kwamba kama hii ndiyo bia chachu wanayoisifia, mimi nabaki na mbege ya kwetu Marangu.

"Hiyo siyo yenyewe, shemeji," akasema. "Kesho twende Anderlecht."

Kiwanda cha bia cha Cantillon kipo huko Anderlecht, ndani ya Brussels, mtaa wa Gheude, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Midi. Ukipita haraka unaweza kukikosa, maana jengo linafanana na gereji za jirani. Familia ya Cantillon ilianza biashara yake ya bia 1900, na tangu 1978 kiwanda kimekuwa pia makumbusho. Unalipa mlangoni, unapewa kijitabu, unazunguka mwenyewe kwa mwendo wako. Tulikwenda Februari, nami nawashauri mwende miezi ya baridi kama mimi, kwa sababu bia hupikwa kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Aprili tu. Joto likizidi, hewa inajaa bakteria wa kuharibu, na hapo hewa ndiyo kila kitu.

Hilo nililielewa nilipopanda darini. Chini ya paa kuna chombo kipana cha shaba, chenye kina kifupi, mfano wa sinia kubwa kuliko chumba changu cha kulala. Maji ya kimea cha shayiri na ngano, yakishachemshwa saa kadhaa pamoja na hopsi, maua ya kutia bia uchungu, zilizokaa ghalani miaka mitatu hivi hadi uchungu wake ukafifia, humwagwa humo na kuachwa usiku kucha yapoe. Upepo unaingia. Hakuna mtu anayetia hamira. Vijidudu vilivyomo hewani, kwenye mbao na ndani ya mapipa ndivyo vinavyochachua. Kimojawapo wanasayansi wamekiita kwa jina la mji wenyewe, Brettanomyces bruxellensis.

Nilisimama pale kwa muda mrefu. Kwetu mbege haijawahi kununuliwa hamira dukani. Mama anapika ndizi, anaziacha, anakoroga uji wa ulezi, anatia gome la msesewe kuleta uchungu, na chombo kinajua kazi yake. Kiswahili chenyewe kimelisema jambo hili siku zote: chachu ndiyo inayoumua, na chachu ndiyo ile ladha inayokaza mashavu. Tofauti ni muda. Mbege ya juzi leo ndiyo tamu, ikifika keshokutwa ni ya kumwaga. Hawa wenzetu wanaisubiri yao miaka mitatu.

Wanaisubiri ndani ya mapipa ya mwaloni, yaliyopangwa safu juu ya safu kwenye giza. Siku za mwanzo bia huchemka kwa nguvu hadi povu linatoka tunduni na kuchuruzika ubavuni mwa pipa, ndipo inatulia na kuzibwa. Utando wa buibui umetanda kila kona na hauguswi, kwa kuwa buibui ndio wanaokula wadudu wanaofuata matunda na sukari. Harufu ya chumba hicho ningeifunga kwenye kopo nikaondoka nayo: mbao mbichi, maganda ya tufaha, udongo baada ya mvua ya kwanza.

Mwisho wa mzunguko ni kuonja. Walianza kutumiminia lambiki, ndiyo hiyo bia inayochachuliwa na hewa, tupu, isiyochanganywa, haina povu kabisa. Meno yaliingia ganzi kama nimeuma embe bichi. Nikaweka glasi chini. Shemeji akaniambia nisubiri, ninywe kidogo, niipe nafasi. Funda la tatu ndilo lililofungua mlango: limau kwanza, kisha ukwaju, kisha kitu kama ngozi ya tandiko na nyasi kavu za zizini. Najua zizi si sifa ya kinywaji kwa wengi wetu. Hapa ni sifa, na nitaitetea.

Halafu gueuze, ambayo ni lambiki ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu iliyochanganywa na kutiwa chupani. Changa bado ina sukari, kwa hiyo inachacha upya ndani ya chupa na kuleta mapovu madogo kama ya shampeni. Kongwe inaleta kina. Hii ndiyo bia bora niliyowahi kunywa, nasema bila kusita. Ni kavu, haina hata chembe ya utamu, na kilevi chake ni asilimia tano hivi, kwa hiyo unaweza kuifikiria huku unaikunywa. Msiinywe ikiwa baridi sana. Ubaridi wa mtungini unatosha. Kriek yao ilifuata, na hapo nikaisamehe kriek. Ilikuwa cheri yenyewe, kali, na ladha ya kokwa kwa mbali.

Siku ya pili tulipanda treni hadi Beersel, kusini kidogo ya Brussels. Oud Beersel ilianzishwa 1882, ikafungwa, ikafufuliwa 2005. Gueuze yao ni laini zaidi, na mgeni wa bia hizi ningemwanzishia hapo kabla ya kumpeleka Cantillon.

Jioni tulijaribu kiwanda kingine kipya, katika mji mwingine, na hicho sikipendekezi. Bia yao ilinuka siki na rangi ya kucha. Aliyetuhudumia alisisitiza kwamba ndivyo bia za "porini", zisizotiwa hamira, zilivyo. Sivyo. Uchachu wa siki unachoma koo na kuua ladha nyingine zote. Ule mzuri unajaza mate mdomoni na kukurudisha kwenye glasi. Mtu aliyekulia kwenye mbege anaijua tofauti hiyo tangu utotoni, na haimlazimu kukubali kuambiwa vingine.

Nilinunua chupa mbili za gueuze, nikazifunga kwenye masweta ndani ya begi, zikafika salama KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Moja nimeilaza gizani. Nyingine tuliifungua Marangu Jumapili iliyofuata. Baba alikunywa kimya, akanyoosha glasi aongezewe, akauliza wanatumia gome gani.