Ziara ya nusu siku Glencree: jengo moja, enzi nne

Glencree ni kijiji kidogo katika milima ya Wicklow, kusini mwa Dublin, Ireland, na asiyejua historia yake anaweza kukipita akidhani ameona kondoo na majengo ya mawe tu. Kwa sababu hiyo ziara ya miguu ya nusu siku niliyoifanya huko pamoja na mwongozaji ilistahili nauli yake, ingawa ina kasoro moja ambayo siwezi kuifumbia macho.

Tulianzia barabarani, na hapo mwongozaji alikuwa hodari kweli. Alieleza jinsi utawala wa Uingereza, baada ya maasi ya Waayalandi dhidi yake mwaka 1798, ulivyoanza mwaka 1800 kujenga Barabara ya Kijeshi ili askari wawafikie waasi waliojificha milimani chini ya Michael Dwyer. Dwyer alijisalimisha Desemba 1803. Kambi ya Glencree ilijengwa 1806, na barabara ikakamilika 1809. Kwa hiyo aliyekusudiwa kukamatwa alikuwa amekwisha kuondoka.

Kambi hiyo baadaye iligeuzwa kuwa shule ya marekebisho ya wavulana, chini ya watawa wa Kikatoliki, tangu mwishoni mwa miaka ya 1850 hadi 1940. Hicho ndicho kipindi kirefu kuliko vyote katika maisha ya jengo, lakini mwongozaji alikimaliza kwa sentensi mbili, huku ameshaanza kutembea; nilipouliza wavulana wale waliishi vipi, alijibu kwamba muda haututoshi. Aliwataja pia watoto wa Kijerumani waliopokelewa hapo baada ya Vita Kuu ya Pili, na kituo cha amani na maridhiano kilichoanzishwa 1974.

Makaburi ya Wajerumani, yaliyofunguliwa 1961 ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, yalipewa muda wa kutosha. Wamezikwa humo watu 134, wengi wao wanajeshi wa anga na wa majini, pamoja na jasusi Hermann Görtz. Walionigusa zaidi ni raia 46 waliokuwa wakisafirishwa kutoka Uingereza kwenda kuzuiliwa Kanada mwaka 1940, meli yao ikazamishwa na nyambizi ya Ujerumani yenyewe.

Atakayekwenda achukue koti la mvua na viatu visivyopitisha maji, na akifika kwenye jengo, aulize habari za wavulana mapema, kabla mwongozaji hajageuka.