Mfumo wa kufuatilia vyeti vya masaplaya: ile kijani msiiamini

Bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie. Kazi yangu ni kuhakikisha kila saplaya tunayenunua kwake makaratasi yake yako hai, na makaratasi yenyewe kila moja lina siku yake ya kufa: bima kila mwaka, ISO 9001 (cheti cha usimamizi wa ubora) miaka 3, leseni, cheti cha kodi, kalibresheni ya mizani, yani ukishakuwa na masaplaya wengi hiyo kitu haikai kichwani ndo maana tukalipia huu mfumo.

Na mwanzoni niliupenda kweli. Siku 90 kabla cheti hakijaisha unamtumia saplaya imeili, siku 60 tena, siku 30 tena, wala sihangaiki kumpigia mtu simu. Hapo sina neno.

Tatizo langu ni ile kijani.

Saplaya wetu wa vifungashio alikumbushwa kama kawaida, akapakia cheti, dashibodi ikageuka kijani ikaandika "imekamilika" na vikumbusho vyote vikanyamaza. Kumbe kapakia kilekile cha zamani! PDF ileile, tarehe ya mwisho iko pale chini inasomeka na mtoto yeyote, imeshapita. Mfumo haukuisoma, ulichofanya ni kuchukua siku aliyopakia ukajumlisha miaka 3 basi. Ni sawa na mlinzi anayefungua geti kwa kila anayepiga honi bila kuangalia ndani ya gari kuna nani. Na yule aliyekuja kutuuzia alituambia mbele ya bosi wangu kwamba mfumo unasoma tarehe kwenye cheti wenyewe, kwa hiyo hili sio suala la sisi kutoelewa maelezo, tuliahidiwa na tukalipia ile ahadi.

Nimelijua lini? Mkaguzi akiwa amekaa mezani. Alifika kwenye kipengele cha 8.4 cha ISO 9001, kile cha kudhibiti bidhaa na huduma unazochukua nje, akachagua jina moja tu kwenye orodha, likawa hilohilo. Nikafungua kwa kujiamini kabisa si ni kijani. Akasoma, akanigeuzia skrini, akanyoosha kidole kwenye tarehe, hakusema kitu. Tukaandikiwa hoja, yani kasoro ya ukaguzi, sasa tunatakiwa tueleze chanzo na tuoneshe tumerekebisha nini, na mimi ndo nimeitwa kujieleza wakati nilifanya kila nilichotakiwa.

Nikapiga simu sapoti. Dada aliyepokea hata pole hakunipa. "Kaka, mfumo unafanya kazi kama ulivyotengenezwa, sisi tunakumbusha, kusoma cheti ni kazi yenu." Nikamwambia dada yangu, kama kusoma ni kazi yetu basi hiyo rangi mnaiweka ya nini? Iacheni njano mpaka mtu wa kwetu athibitishe kwa macho yake. Nikaendelea, maana hata tarehe ikiwa sahihi bado haitoshi, cheti cha ISO kinaweza kusimamishwa katikati kama saplaya amekwepa ukaguzi wa kila mwaka, na karatasi yenyewe itabaki inapendeza tu mpaka uende kuuliza kwa waliokitoa au ukitafute IAF CertSearch, ile tovuti ya kuhakiki vyeti. Kuna na toleo pia, ISO 27001 (ile ya usalama wa taarifa) ya 2013 muda wa kuhamia ile ya 2022 uliisha 31 Oktoba 2025, sasa mtu akipakia cheti cha 2013 leo mtampa rangi gani? Akacheka. Akasema atalifikisha kwa wahusika, akakata. Mpaka naandika hapa hakuna aliyenitafuta, ila imeili ya kunikumbusha kulipia mwaka ujao imefika, hiyo haijachelewa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota 3 kwa sababu ya vile vikumbusho, kwa kweli vimetuokoa kwenye bima mara nyingi. Lakini hapana. Zamani nilipokuwa natumia Excel nilifungua kila cheti kwa mkono kwa sababu hakuna kitu kilichoniambia nitulie, huu ndo ulioniambia nitulie na nikaandikiwa hoja. Kwa hiyo nyota 1, na hiyo moja ni ya imeili.

Tumerudi kufungua faili moja moja, tunaandika tarehe wenyewe na mtu wa pili anahakiki. Inachosha sana lakini angalau najua nani kasoma nini. Kama uko kwenye mazungumzo na hawa jamaa au wengine wanaouza kitu kama hiki usikubali demo ya vyeti vyao vilivyopangwa vizuri, wape cheti kilichoisha muda wakipakie mbele yako, na kikigeuka kijani usisaini.