Nilivyopima laptopu ya mtumba Mwanjelwa, Mbeya, kwa flashi ya Linux Mint

Nina steshenari Iyunga, wateja wangu wengi ni wanafunzi. Kompyuta yangu ya kaunta ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 6, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Nikahamia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na kazi ilipozidi nikahitaji laptopu ya pili, ya mtumba, ya kuendesha mfumo huohuo.

Safari hii sikutaka kuumia. Niliwahi kununua kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, boksi limeandikwa kinafanya kazi na kompyuta zote. Nyumbani taa inawaka, mtandao hauonekani. Muuzaji akakataa kurudisha hela kwa sababu boksi limeshafunguliwa. Baadaye ndipo nikaelewa: draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, haifuati jina la juu ya boksi, inafuata chipu iliyomo ndani, na vidude viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kubeba chipu tofauti kabisa.

Kwa hiyo nilikwenda Mwanjelwa na flashi ya GB 8 yenye Linux Mint. Faili lake ni karibu GB 3, nililipakua usiku, kisha nikaliandika kwenye flashi kwa programu ya Etcher. Ukilinakili tu kama unavyonakili wimbo, mashine haitawaka nalo.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri, ila nilipotoa flashi akasita.

“Mama, si utafuta Windows iliyomo?”

“Hapana, mwanangu. Inawakia kwenye flashi na ramu tu. Diski haiguswi mpaka mtu abonyeze kusakinisha.”

Akakubali. Tukabonyeza F12 wakati wa kuwasha, na dakika mbili baadaye Mint ilikuwa kwenye kioo.

Laptopu ya kwanza ilikuwa nzuri kwa sura, ila alama ya waifai haikutokea. Nikafungua dirisha la amri, nikaandika lspci -k, amri ya kuonyesha vifaa vya ndani na draiva zake, orodha ikatoka: kadi ya waifai ni BCM43142. Chipu hiyo inahitaji draiva ya kuongezwa kando. Inawezekana kabisa: unaunganisha simu kwa waya ikupe intaneti, unafungua Driver Manager, programu ya Mint ya kuongeza draiva, unaichagua. Lakini mimi nataka mashine ambayo mdogo wangu akiiwasha nisipokuwepo, inafanya kazi. Nikaiacha.

Ya pili, mitandao ya jirani ilijaa pale pale. Kwenye lspci -k, chini ya kadi yake kulikuwa na mstari “Kernel driver in use: iwlwifi”, yaani keneli, kiini cha mfumo, imeshaitambua kadi yenyewe na kuipa draiva, iwlwifi. Nikajaribu spika, kamera, vitufe vya mwanga. Nikafunga kifuniko, nikasubiri kidogo, nikafungua: kioo kikarudi. Hilo la kufunga kifuniko watu wengi hulisahau, na kuna mashine zinazolala zisiamke. Kisoma alama za vidole hakikuitika. Sikihitaji, lakini nilimwonyesha kijana, na akanipunguzia bei bila ubishi.

Ramu ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Ilikuwa GB 4, kidogo kwa kazi zangu. Amri sudo dmidecode -t memory ikaniambia ni ya aina ya DDR4 na kuna nafasi moja iko wazi, bila kufungua hata skrubu moja. Kijana alinipa kipande cha kuongeza, nikakigeuza kwenye mwanga: kilikuwa DDR3L, aina ya zamani zaidi. Pengo lake katikati ya meno halikai mahali pamoja na la DDR4, kwa hiyo hakiingii, na ukilazimisha unavunja soketi. Akatafuta kingine, kikaingia.

Upungufu upo. Mfumo unaowakia kwenye flashi ni mzito, usiupimie kasi. Chochote unachosakinisha humo kinapotea ukizima. Na haukuambii betri itadumu saa ngapi. Hiyo niliipima nyumbani.

Kosa langu lilikuwa printa. Sikuwahi kufikiria kuijaribu na flashi. Siku ya kwanza dukani kwangu laptopu iliiona na kuitaja kwa jina lake, lakini karatasi haikutoka, na wanafunzi wawili wamesimama na ripoti za kukabidhi siku hiyo. Ilikuwa inadai kijalizo cha draiva kinachopakuliwa kutoka intaneti. Nilikipakua, kikakubali, ila wale wawili walikuwa wameshavuka barabara kwenda kwa jirani. Laptopu inabebeka, ningeiomba kwa muda, au ningekwenda na printa kwenye bajaji, nikaichomeka palepale Mwanjelwa.