Kontrakta wa bustani niliyemtumia: kazi ya chini safi, kwenye miti mmh

Huyu jamaa nampa nyota 4. Ya tano angeipata kama asingewaachia vibarua kazi ya miti, nitafika huko.

Kazi yenyewe ilikuwa pevingi kutoka getini mpaka mlangoni, ukuta mfupi wa kushikilia udongo upande wenye mteremko, ukoka na miti michache. Waliomtangulia kuja kunipa kotesheni walikuwa wanafungua simu wananionyesha picha za bustani za mahoteli, huyu kaja na kamba na pima maji, swali la kwanza ananiuliza mvua ikinyesha maji yanatuama wapi. Nikasema sawa, huyu tuongee.

Kotesheni yake ilikuwa juu kuliko za wenzake ila kachambua kila kitu, kuchimba, kifusi anakitoa nani, kokoto unene gani, bomba mita ngapi. Za wengine zilikuwa mstari mmoja tu "kutengeneza bustani" na jumla chini yake, sasa siku mkigombana utashika nini hapo? Malipo tukayagawa, advansi ya kuanzia, inayofuata nikishaona kwa macho yangu kuwa chini pameshindiliwa kabla pevingi hazijafunika, ya mwisho baada ya mvua kubwa kupita. Hakununa.

Na hapo chini ndo pesa yangu ilipoenda kihalali. Kachimba, kamwaga kokoto kama sentimita 15 kwa awamu mbili na kila awamu anashindilia na mashine, maana ukimwaga zote kwa mkupuo mashine ndogo inakaza juu tu chini panabaki palegevu, afu juu yake mchanga kama sentimita 3, kingo kazifunga kwa zege, mwisho mchanga mkavu anausagia kwenye maungio. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita, kuikimbia nyumba. Watu pevingi ikibonyea wanalaumu tofali, mara nyingi tofali halina kosa, ni chini hapajashindiliwa au kingo zimeachia. Ukutani nako kaweka kokoto kwa nyuma, kitambaa cha kuchuja, bomba lenye matundu, na vitundu vya kutolea maji kwa mbele, kwa sababu udongo ukishiba maji na maji hayana pa kutokea ndo unausukuma ukuta mpaka unalala. Mvua ilipokuja nilitoka na mwavuli kama mwendawazimu kuchungulia vitundu, yakawa yanatoka, nkarudi zangu ndani.

Sasa miti. Siku hiyo bosi hakuwepo, vibarua wakachimba mashimo marefu kama wanasimika nguzo, wakazamisha shina, na juu wakarundika matandazo, yale ya kufunika udongo usikauke, yamelikumbatia shina kabisa. Pale shina linapotanuka kuanza mizizi panatakiwa paonekane, na shimo liwe pana hata mara 2 au 3 ya bonge la mizizi lakini kina kisizidi cha bonge, la sivyo shina linakaa kwenye unyevu muda wote linaoza. Nikampigia, akaja mwenyewe, hakubisha wala kuleta siasa, akaipandisha yote na matandazo akayasogeza mbali na shina. Mmoja ulikuwa ushachoka ukafa. Mkataba ulisema atarudishia na kweli karudishia, ila kaleta mche mdogo kuliko wa kwanza, hapo alinikera kidogo.

Ukoka umeshika vizuri, kabla ya kupanda alilegeza kwanza udongo uliokuwa umekanyagwa na gari la kokoto, wengi hili wanaliruka. Kupokea simu ni mzito, mtumieni meseji.

Mimi kwa pevingi na maji namwita tena, miti nitatafuta mtu wa miche, au siku ya kupanda awepo mwenyewe. Ah, na aliniachia mfuko wa mchanga wa maungio nijazie ukishuka, nusu yake nimeshautumia.